Peremende Kutoka Dirisha la Plymouth

Kwa miaka miwili nilikuwa macho ya mume wangu barabarani, na katika miaka hiyo miwili hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Siwezi kusema tulikosa nafasi. Nafasi ilikuwepo kila Alhamisi saa kumi jioni, maili sita kwenda na maili sita kurudi, sisi wawili peke yetu ndani ya gari ambalo redio yake ilikufa kabla hatujalinunua. Tulizungumza mambo mengine.

"Naona mahindi ya kina Lien yameshafika kiunoni," nilikuwa nikisema, na Harlan alijua kona ya kushoto imefika. "Yule mtu wa mbolea naye katoka leo na lori lake," nilisema, na mguu wake uliondoka kwenye mafuta taratibu, kama wazo limetoka kichwani mwake mwenyewe. Tukikaribia alama ya kusimama pale njia panda nilikuwa nauliza kama anakumbuka duka la mbegu lililokuwa hapo zamani. Analikumbuka, alisema, akasimama. Nikishaona pande zote mbili ni nyeupe, nilisema haya, hayo yamepita. Akaondoka.

Mtu angekaa kiti cha nyuma angedhani ni wazee wawili wanaopiga soga. Mimi mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, nimeibana katikati ya magoti ili isionekane.

Ninaitwa Ardis Tvedt. Nilipika katika shule ya Nordahl, huku kusini mwa Minnesota, kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtu mzima wa chini ya miaka hamsini katika mji huu ambaye sijampakulia viazi. Harlan alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha maziwa mpaka kilipofungwa. Mtu wa mikono, mtu wa maneno machache, mtu ambaye akikuambia chakula si kibaya ujue amekisifu. Mwaka ninaousimulia yeye alikuwa na sabini na nane na mimi sabini na minne.

Gari lenyewe ni Plymouth ya mwaka 1963, milango minne, rangi ya kijani kilichopauka kama maganda ya njegere. Alilinunua mwaka 1994 kwa dada wa mwalimu mmoja aliyefariki, na mwalimu huyo alikuwa mwanamke ambaye hakuolewa, aliyelitumia kwenda kanisani na maktaba tu, na ambaye baridi ikiingia alilifungia bandani mpaka mvua za Aprili zimeosha chumvi yote barabarani. Chumvi ndiyo inayokula magari huku kwetu. Lile haikuligusa. Alitoa dola elfu moja na mia tisa, na nilipofungua mdomo kulalamika aliniambia hizo ni bei za mashine mbili za kufulia, na mashine ya kufulia haikupeleki popote.

Watu hudhani magari ya zamani ni mchezo wa matajiri. Matajiri wanataka yenye milango miwili na injini kubwa ya kunguruma. La milango minne, silinda sita, halina mwenyewe. Linauzwa bei ya kutupa, vipuri vyake vinakuja kwa posta, na Harlan alikuwa akilitengeneza amekaa kwenye kigoda, kikombe cha kahawa kiko juu ya bati la injini. Pale kwenye kibanda cha soda, tulikokwenda kila Alhamisi kuegesha na wenzetu na kutazamana magari, hawakumwachia.

"Harlan, hili gari liliuzwa pamoja na bibi kizee wa kupelekwa kanisani, wako umemsahau wapi?"

"Wangu huyu hapa mbele," Harlan alijibu. "Wewe lako lina milango miwili kwa sababu huna wa kumfungulia."

Wivu walikuwa nao, maana wao magari yao yalikuwa yamepakwa rangi upya, yamebadilishwa viti, yametiwa hiki na kile. La Harlan lilikuwa vilevile lilivyotoka kiwandani. Mlango wa dereva, pale mwalimu alipozoea kuegemeza kiwiko, rangi ilikuwa imekwisha mpaka bati linaonekana, sehemu kubwa kama kiganja. Hakukubali paguswe. Rangi ya kiwandani unaipata mara moja tu, alisema, ukiifuta umeifuta. Hata redio iliyokufa aliiacha mahali pake. Gia zake si za mkono. Ni vitufe vimepangwa kushoto kwa usukani, unabonyeza kwenda mbele, unabonyeza kurudi nyuma, na Harlan alivijua kwa kidole kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Kwa hiyo siku aliposimama bandani, kitambaa mkononi, akasema kioo cha mbele kimeingia ukungu na afadhali akibadilishe, nilimsogelea. Nilikitazama kile kioo. Kilikuwa safi. Ungeweza kupitisha mkono ukidhani hakipo.

"Unaona ukungu upande gani?" nikamuuliza.

"Katikati," akasema. "Pembeni naona vizuri tu."

Nilijua hapohapo. Mama yake Harlan alipofuka hivyohivyo, katikati kwanza. Alikuwa akikutazama sikioni ili akuone uso. Nami baada ya siku hiyo nikaanza kuyaona yote niliyokuwa nikiyaruka: kahawa inayomwagwa kando ya kikombe, gazeti linalokunjwa bila kusomwa, namna anavyotafuta mikwaruzo ya gari kwa ncha za vidole badala ya kuinama na kutazama. Gari letu la kila siku aliniachia niendeshe mimi, akasema ni goti. Plymouth hakuniachia. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa nyuma ya usukani ule tangu tulipoinunua.

Mngeniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Kwetu huku mtu hamvui mtu nguo. Jirani akinywa, tunasema amechoka. Mchungaji akisahau mahubiri katikati, tunaimba wimbo. Funika kombe mwanaharamu apite, hiyo ndiyo dini yetu halisi, ile ya Jumapili ni ya nyongeza. Nami niliona nikimnyang'anya mzee funguo za gari lile nitakuwa nimemzika akiwa anapumua. Basi nikakaa kiti cha pembeni, nikasimulia mahindi ya Lien.

Mwezi wa sita wa mwaka wa pili, Duane Bakke alikuja nyumbani. Duane ndiye mwenyekiti wa kamati ya gwaride la sikukuu ya uhuru, mtu mnene mwenye furaha ya kuchosha, niliyempakulia viazi tangu akiwa na miaka sita. Alikaa jikoni, akala vipande vitatu vya pai, ndipo akasema.

"Bi Tvedt, kamati imekaa. Mgeni wa heshima wa gwaride mwaka huu ni wewe. Kura zote."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umetulisha. Mji mzima huu mwili wake ni viazi vyako." Akamgeukia Harlan. "Na tumefikiri, badala ya kumpandisha kwenye gari la kukodi, si yuko na lake? Plymouth. Wewe unaendesha, bibi anakaa nyuma kama malkia, jina lake tunalibandika kwenye milango, anatupa peremende dirishani. Unaonaje, mzee?"

Sikuwahi kumwona Harlan akichekea meza namna ile. "Nitaipiga nta wiki nzima," alisema. Alikuwa ameshakubali kabla mimi sijafunga mdomo.

"Mimi nitakaa mbele," nikasema. "Naumwa mgongo kule nyuma."

"Hapana bwana," Duane akasema. "Mgeni wa heshima akae mbele kama mke aliyetumwa sukari? Watu watakuonaje? Nyuma, kulia, dirisha wazi. Mbele tunaweka ndoo za peremende."

Ni lazima nieleze kuhusu peremende, kwa sababu mambo yote yako hapo. Gwaride letu si la askari. Ni matrekta, bendi ya shule, magari ya zamani, gari la zimamoto, na kila anayepita anarusha peremende. Watoto wanakaa ukingoni mwa barabara na mifuko ya karatasi, na peremende zikianguka wanakimbilia barabarani kuziokota, magari yakiwa yanatembea. Ndivyo ilivyokuwa tangu mimi mdogo. Madereva wanakwenda mwendo wa miguu na macho yao hayabanduki chini, mbele ya gari, pale katikati. Katikati ndipo watoto walipo.

Nami ndiye nitakayekuwa nikiwaita kwa peremende.

Wiki tatu zile sikulala usingizi wa maana. Nilikuwa nikipika naunguza, mimi. Nilimwambia Harlan goti lake litamsumbua kwa mwendo wa polepole. Akasema goti halijawahi kuwa zima kama mwaka huu. Nikamwambia labda tumpe Duane aendeshe, mtoto wa watu analipenda gari lile. Akanijibu, "Duane ataipaka mafuta ya pai," na hakucheka.

Nikaenda kwa Krista Moen, jirani yetu, mama wa watoto watatu, nikidhani nikimwambia mtu mmoja tu mzigo utapungua. Tulisimama kwenye ua wake. Nikaanza mbali, kama kawaida yetu.

"Nina wasiwasi kidogo na gwaride," nikasema. "Watoto wanavyokimbia."

"Ah, Bi Ardis, usihofu," akasema upesi. "Harlan ni dereva mwangalifu sana. Mwangalifu kuliko wote." Alikuwa anatabasamu, na huku akimvuta yule mwanawe mdogo karibu na mguu. "Itapendeza. Tutakuja kukupungia."

Nikarudi nyumbani na mzigo wangu vilevile, nikimlaumu kwa kutonielewa.

Mchana wa tarehe tatu, siku moja kabla ya gwaride, Harlan alipitiwa na usingizi kwenye kiti, na mimi nikaingia bandani nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulidhania. Nilifungua bati la injini. Miaka kumi na saba ya kumshikia tochi ilikuwa imenifundisha kitu: waya mnene ule unaotoka kwenye koili ukiuchomoa, injini itazunguka lakini haitawaka. Nikauchomoa. Nikaiweka ncha yake karibu na mahali pake, uonekane umechomoka wenyewe. Moyo ulinienda mbio kama mwizi, na mwizi ndiye niliyekuwa. Nikafunga, nikaenda kumenya viazi.

Asubuhi nilikuwa jikoni nimevaa gauni langu la bluu nilipomsikia akijaribu kuwasha. Ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasikia bati la injini likifunguliwa. Nikahesabu moyoni, nikafika arobaini. Likafungwa. Injini ikawaka, laini, bila kukohoa.

Alikuja mlangoni akijifuta mikono. Hakuwa ameutafuta waya kwa macho. Vidole vilikuwa vimemtosha.

"Waya wa koili ulikuwa umetoka," akasema.

"Ajabu."

"Waya ule hautoki wenyewe, Mama."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa sinki. Ningeweza kusema pale. Alinipa nafasi, alisimama akaingoja, amenigeuzia uso kidogo pembeni ili anione. Mimi nikasema, "Utachelewa, Duane anasubiri." Akaichukua kofia yake akatoka.

Kule kwenye mstari wa kuanzia, Duane alibandika jina langu kwenye milango ya nyuma, akajaza kiti cha mbele ndoo nne, nyingine akaniwekea miguuni. Nikamwuliza nani yuko mbele yetu. Bendi ya shule, akasema. Na nyuma? Gari la zimamoto, watapiga king'ora njia nzima, watoto wanapenda. Hapo nilielewa kwamba hata nikisema mahindi ya Lien yamefika mbinguni, Harlan hatanisikia.

"Harlan," nikamwita. "Unajua watoto wanavyokuwa."

"Nitafuata ngoma," akasema bila kugeuka. "Ngoma ikiwa karibu napunguza, ikiwa mbali naongeza."

"Ngoma siyo watoto."

Bendi ikapiga. King'ora kikalia nyuma yetu hadi meno yangu yakatetemeka. Akabonyeza kitufe, tukaondoka.

Mtaa wetu mkuu ni mfupi, vitalu sita tu vya majengo kutoka kituo cha mafuta hadi kanisani. Siku ile niliuona mrefu kama safari ya kwenda kwa daktari. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, viti vyao vya kukunja vimepangwa tangu jana yake, bendera, vichwa vya njano vya watoto, nywele zao kama shamba la ngano. Mbele ya bendi niliwaona watoto wako tele barabarani, wameinama, wanaokota, wanasukumana. Nikajiambia nisirushe. Nikisharusha wataingia. Lakini watu walikuwa wakiniita kwa jina, wakinipungia, na mgeni wa heshima asiyerusha peremende ni mchawi. Nikachota konzi ndogo, nikaitupa karibu kabisa na ukingo, isifike barabarani. Nikafumba macho.

Hakuna kilichotokea. Nikafumbua. Peremende zilikuwa zimelala palepale zilipoanguka.

Nikarusha nyingine, mbali kidogo. Zikatawanyika kwenye lami, nyekundu na kijani, na hakuna mtoto aliyezifuata. Nilidhani labda wamechoka, wameshiba za matrekta. Kisha nikaacha kutazama peremende, nikatazama mikono ya akina mama.

Kila mama alikuwa ameshika mtoto wake. Huyu kamshika ukosi, huyu kambana katikati ya magoti, huyu kamkumbatia kwa nyuma kama anampenda ghafla. Wanaume walikuwa wamekunja miguu yao chini ya viti. Na wote walikuwa wakitabasamu. Wote wakisema, "Hongera, Bi Tvedt, umependeza." Nikageuka kutazama nyuma. Gari la zimamoto lilipokuwa likipita, mikono ikafunguka, na watoto wakamwagika barabarani kuokota zangu.

Krista Moen alikuwa mbele ya benki. Wawili kawashika kwa mashati, wa tatu kambana na mapaja, na uso wake umenichekea kama siku ile uani. Ndipo nikakumbuka kwamba kila Alhamisi, tunapotoa gari bandani, nimekuwa nikimsikia akiwaita wanawe ndani waje kula. Saa kumi. Nani anakula chakula cha jioni saa kumi?

Sijui nilikasirika na nani zaidi. Mji mzima ulijua. Walikuwa wamehesabu siku zetu na saa zetu, wamewafungia watoto wao ndani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kugonga mlango wangu, kama vile mimi nisivyogonga wa mtu yeyote. Tulikuwa tayari kuzika mtoto kuliko kumwaibisha mzee.

Nikainama mbele nikamshika Harlan bega kwa nguvu.

"Simama."

Akakanyaga breki. "Kuna mtoto?"

"Hakuna."

"Sasa nisimame kwa nini?" Ilibidi apige kelele, king'ora kilikuwa masikioni mwetu. "Bendi inatuacha."

"Kwa sababu hakuna hata mmoja. Nimetupa peremende vitalu viwili vizima, Harlan, na hakuna mtoto aliyeingia barabarani. Mama zao wamewashika. Wanawashika sisi tukipita, tukishapita wanawaachia."

Watu wa zimamoto walipoona tumesimama walizima king'ora. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Harlan aliweka mikono yote miwili juu ya usukani akatazama mbele, pale ambapo haoni.

"Tangu lini wanajua?"

"Sijui. Wana siku nyingi."

"Na wewe?"

"Tangu ulipotaka kubadilisha kioo."

Mtu fulani ukingoni alianza kupiga makofi kututia moyo, akidhani gari limegoma, akaona wenzake hawampokei, akaacha.

"Ningejua wewe unajua," Harlan akasema polepole, "nisingeendesha."

"Ulijua kwamba najua. Ungeendeshaje katika mji huu bila mimi?"

Akabonyeza kitufe cha kuachia gia, akakaza breki ya kuegesha, akaanza kuzisukuma ndoo za peremende chini, moja moja, mpaka kiti cha mbele kikawa wazi. Kisha akajisogeza, akahamia upande wangu wa siku zote, akakaa, akaweka kofia kwenye mapaja.

Nikatoka mlango wa nyuma, wenye jina langu, nikazunguka mbele ya gari, mji mzima ukinitazama. Duane alikuwa amesimama mbele ya duka la dawa, mdomo wazi, kitambulisho cha kamati kikining'inia tumboni. Nikaketi kwenye kiti cha Harlan. Kilikuwa na joto lake. Usukani ule ni mkubwa, mwembamba, wa watu wa zamani, na sikuwahi kuugusa ila kwa kitambaa.

"Kitufe kipi?"

"Kile kilicholika kuliko vyote."

Nikakipapasa, nikakibonyeza, nikalegeza breki. Plymouth ikasogea kabla sijaiambia, nikakanyaga, ndoo zikagongana. Harlan alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili lakini hakunifundisha. Tukaanza kwenda, polepole kuliko bendi, polepole kuliko mtu anayefuata jeneza. Nilidhani nikishakaa kwenye kiti hiki hofu itaniishia, kumbe ndiyo kwanza inaingia. Sasa kila kichwa cha njano kilikuwa changu.

Kitalu cha tatu chote akina mama hawakuachia. Kitalu cha nne, Harlan alitia mkono kwenye ndoo, akateremsha kioo chake, akarusha. Hakuona zilikoangukia. Nilimwona mama mmoja akinitazama usoni kupitia kioo cha mbele, akinitazama sana, na mikono yake ikalegea.

Mtoto alitoka mbio. Alikuwa wa kiume, wa shati la njano, na hakuenda kwenye peremende za ukingoni. Alikwenda moja kwa moja katikati, mbele ya gari, akainama, na kwa sekunde moja bati la injini lilimfunika mzima. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Peremende zote zikaruka, zikamwagika mapajani mwetu na miguuni. Kichwa chake kikachomoza upande wa pili wa bati, nywele zimesimama, peremende iko mkononi, akanitazama bila wasiwasi wowote.

"Nini?" Harlan akauliza. "Nini, Mama?"

"Mtoto."

"Wapi?"

"Mbele yetu. Hapo katikati."

Aliinua uso akaugeuza huku na huku, kushoto, kulia, akimtafuta kwa pembe za macho yake, na hakumpata. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Wa umri gani?"

"Mitano hivi."

Harlan akafunika uso kwa kofia yake. Sauti ilitokea ndani ya kofia, ndogo, si yake. "Huyo ningemgonga."

"Tungemgonga," nikamwambia.

Mtoto akainama tena, akaokota peremende ya pili, akarudi kwa mama yake, na mimi nikasubiri mpaka nimeiona miguu yake yote miwili iko ukingoni.